Mwenye Mbio na Mwenye Mzigo

Liko shauri linaloletwa mbele ya wazee wa kanisa katika mitaa ya milimani siku hizi, nalo kwa kulitazama juu juu si shauri la imani, bali ni la njia. Wageni huja na baisikeli zenye mipira minene na breki zenye nguvu. Hupanda kwa gari, au kwa kujikokota, kisha hushuka kwa mapito yetu ya miguu, katikati ya vihamba, mpaka chini barabarani. Vijana wetu huwaongoza na kupata riziki. Wengine katika sharika husema kazi hiyo ni baraka, wengine husema ni udhia, na mahali pengine maneno yamekuwa makali hata watu wa nyumba moja hawasemezani. Nimeona vema tulipime neno hili kwa Katekisimo, maana ndicho kipimo tulichopewa kwa mambo ya kila siku, wala si kwa siku ya Kipaimara tu.

Baisikeli si kitu kigeni kwetu. Walimu na wainjilisti wa zamani walizisukuma wakipanda mlima na kuzipanda kwa hofu wakishuka, na mpaka leo zachukua ndizi, majani na vyombo vya maziwa. Lakini zile ni za kumfikisha mtu mahali. Hizi za wageni zimeundwa kwa ajili ya mteremko wenyewe. Mwenye nayo hana haja ya kufika popote, haja yake ni kushuka. Asili yake ni California, nchi ya Marekani, penye mlima uitwao Tamalpais karibu na mji wa San Francisco. Huko, katika miaka ya 1970, vijana walitwaa baisikeli kuukuu na nzito, ambazo mtu hufunga breki kwa kukanyaga pedali kinyume, wakashuka nazo katika barabara za udongo zilizochimbwa kwa ajili ya wazima moto. Mwezi wa Oktoba 1976 walianza kushindana katika barabara moja inayoanguka karibu mita 400 kabla haijatimiza kilomita 4. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu, nayo ilipata moto mwingi hata grisi ikageuka moshi, na mtu akifika chini sharti akifungue kitovu na kukijaza grisi mpya. Ndiyo sababu barabara ile ikaitwa Repack, maana yake ni kujaza tena. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda kiunzi kipya kifaacho kazi hiyo, na mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki mjini Atlanta.

Ugomvi ulizaliwa pamoja na mchezo kama mapacha. Waendao kwa miguu na wapanda farasi walilalamika kwamba amani yao ya mlimani imeondolewa. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1964 ya kuhifadhi sehemu kubwa za nchi zibaki pori, na sheria hiyo ilikataza humo vyombo vya kuchukulia watu vyenye mitambo. Je, baisikeli ni mtambo? Watu walibishana sana, na mwaka 1984 Idara ya Misitu iliandika waziwazi kwamba baisikeli nayo imo katika katazo. Katika milima ya Alpi shauri lilipita njia nyingine. Sheria ya misitu ya Austria ya mwaka 1975 yampa kila mtu ruhusa ya kuingia msituni kwa miguu ajiburudishe; lakini apandaye baisikeli sharti apate kwanza idhini ya mwenye msitu. Kwa hiyo jimbo la Tirol, tangu mwaka 1997, hufanya mapatano na wenye misitu na wenye malisho, njia kwa njia, na zile zilizopatanwa hutiwa alama. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Graubünden la Uswisi, wenye miguu na wenye baisikeli kwa kawaida hutumia mapito yale yale, nao huambiwa wavumiliane. Theluji ni ile ile, na Wakristo wa pande zote mbili husoma Biblia ile ile, ila hukumu yao si moja.

Nimeyaeleza haya ili mwone kitu kimoja. Kote huko, watu wanapoanza kushindana, swali lao la kwanza ni hili: Njia ni ya nani? Kwetu ni vivyo hivyo. Mzee husema ni yake, kwa maana baba yake alikata sehemu ya kihamba ili majirani wapite. Kijana husema ni ya wote, kwa maana tangu zamani hakuna mpitaji aliyeombwa ruhusa. Afisa akija husema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, kama ilivyoandikwa katika sheria ya mwaka 1999. Nao wote watatu wana haki kidogo katika maneno yao.

Lakini hayo ni maswali ya amri ya saba, yaani ya mali na mwenye mali. Ni maswali halali, wala sisemi yaachwe. Nasema tu kwamba tumeyaweka mbele na hali yangekuwa nyuma. Njia si kitu kama jembe au mbuzi, ambacho kikiwa chako mwenzako hana, na ubaya wote ni kukitwaa. Njia ni mahali ambapo mwili wa mtu hukutana na mwili wa mtu mwingine. Kwa hiyo swali lake la kwanza ni la amri ya tano. Ninyi walimu mnajua jinsi Luther alivyoifafanua amri hiyo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529: hakuishia kwenye upanga na damu, bali alitia ndani yake kila dhara lipatalo mwili wa jirani, na kila msaada ambao mwili huo wahitaji. Mtu aweza kupita mahali penye ruhusa kamili, asiibe hata jani moja, na bado akaivunja amri ya tano.

Tazameni hali ilivyo mlimani. Ng'ombe wetu hulishwa zizini, nasi sote twajua majani yao hutoka wapi: hutoka chini nyikani, juu ya vichwa vya mama zetu. Mama mwenye mzigo wa majani haoni kulia wala kushoto, kwa maana mzigo umemfunika kama paa la nyumba. Wala hawezi kugeuza shingo upesi, na masikio yake yamesikia mchakato wa majani tangu alfajiri. Pito ni jembamba, pande zote mbili pana ua wa masale uliopita kimo cha mtu, na kila baada ya hatua chache pana kona. Mwenye kwenda kwa miguu hupita kilomita 4 au 5 kwa saa. Baisikeli ikishuka hufika 30 bila shida, yaani mita 8 na zaidi kwa sekunde moja. Tena elimu ya viumbe vyenye mwendo yatufundisha kwamba mbio zikizidi mara mbili, nafasi ya kusimama huzidi mara nne. Basi mtu atokeaye konani kwa mbio hizo hana muda wa kusema hodi, wala mama yule hana muda wa kuisikia.

Hapo ndipo tuonapo ni nani mwenye deni. Mama hawezi kuutua mzigo kila mara asikiapo kishindo. Akiutua, nani atamtwika tena? Mwenye baisikeli ana vidole viwili juu ya breki, na kwa vidole hivyo aweza kuiondoa hatari yote ambayo yeye mwenyewe ameileta. Mwenye mbio ndiye mwenye deni, wala si kwa sababu ni mgeni, au ni tajiri, au anacheza na hali wenzake wanafanya kazi, bali kwa sababu uwezo wa kuzuia dhara uko mkononi mwake. Torati yasema hivyo kwa mifano ya nyumbani. Mwenye kuchimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa mtu akatumbukia, ndiye alipaye. Mwenye kujenga nyumba mpya huagizwa kutia ukuta mdogo kandokando ya dari, asije mtu akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Musa hakuuliza dari ni ya nani. Dari ni ya mwenye nyumba bila shaka, na kwa sababu hiyo hasa damu ingekuwa juu yake.

Kuna jambo la kutia moyo katika habari hii. Wapanda baisikeli wa milimani wenyewe, walipofanya chama cha kimataifa huko Marekani mwaka 1988, walijiwekea kanuni, na katika kanuni hizo mwenye baisikeli humpisha aendaye kwa miguu na mwenye farasi. Na baisikeli mbili zikikutana, ishukayo huipisha ipandayo. Hawakuipata kanuni hiyo katika Katekisimo. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi juu ya mataifa wasio na torati ambao hufanya yaliyo ya torati kwa kuwa kazi yake i ndani ya mioyo yao, nami naona mfano wake hapa. Basi mgeni akija kwetu akapita bila kupunguza mwendo, asiseme kwamba sisi watu wa mlimani tuna desturi za kale zisizomfaa. Amevunja kwanza kanuni ya chama chake mwenyewe.

Wazee wetu walilijua neno hili, ila walilijua katika maji. Mfongo hutoka juu msituni ukapita katika vihamba vya watu wengi, na kila mmoja ana zamu yake ya kumwagilia. Ukingo ukibomoka, watu wa mfongo hutoka na majembe, na asiyetoka hutozwa. Kuwa juu hakukumpa mtu enzi juu ya maji. Kulimpa kazi ya kuangalia kwanza, kwa maana tope alilolichafua yeye hunywewa na walio chini. Baisikeli nayo hushuka kama maji. Aliye juu ameshika mwendo wa kitu kitakachowafikia wengine, nao wa chini hawana nafasi ya kukirudisha.

Mtu atasema, "Lakini mimi nimelipa ada, nina kibali." Vema. Juu ya Kilimanjaro baisikeli zaruhusiwa kwa njia ya Kilema, ile itumiwayo pia na magari ya kuwashusha wagonjwa, nayo hufika kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya bahari. Hiyo ni barabara pana, hakuna kihamba ndani yake, na mtu huonekana toka mbali. Aliyelipa ada na apite humo kwa furaha. Walakini ada ni malipo ya amri ya saba. Deni la amri ya tano halilipwi langoni kwa fedha. Hulipwa penye kila kona, na kona ifuatayo halina stakabadhi ya kona iliyopita. Wakorintho nao walikuwa na kibali cha kula nyama sokoni, wala Paulo hakuwanyang'anya kibali hicho. Aliwaambia tu wamtazame ndugu aliye dhaifu kabla ya kunyosha mkono.

Sasa na tumgeukie mwenye kihamba, kwa maana ningekuwa nimefanya upendeleo kama ningesema na mgeni peke yake. Mzee mmoja aliniuliza kama ni dhambi kulifunga pito lake kwa miiba. Nilimwuliza ataweka miiba mahali gani. Akasema, "Pale chini ya kona, wasipopaona." Hapo swali lake likawa limejijibu. Kulifunga pito mahali peupe, kwa mti ulalao njiani au kwa alama ionekanayo, baada ya kushauriana na majirani watumiao njia hiyo, ni neno la amri ya saba, na wazee wa kijiji waweza kulihukumu. Kuficha miiba ni shimo lile la Torati lisilofunikwa, tena ni baya kuliko shimo, maana limechimbwa kwa kusudi. Huko Ulaya na Marekani wametokea watu waliotega waya katikati ya miti kwenye kimo cha shingo ya mpanda baisikeli, na wengine mbao zenye misumari. Waliotega walijiona kuwa walinzi wa msitu. Katika kuilinda amri ya saba waliikanyaga ya tano, na hilo ndilo tatizo la kuweka swali la pili mahali pa la kwanza: mtu huweza kuua akiwa na haki ya shamba lake mkononi.

Lakini hasira ya mzee yule sikuidharau, maana haikuzaliwa na baisikeli tu. Tangu mwaka 2005, msitu wa Kilimanjaro ulipounganishwa na Hifadhi ya Taifa, kukata majani na kuokota kuni humo kumebanwa kuliko zamani. Sababu yake twaielewa. Msitu ndio mama wa mito na mifongo yetu, nao ulikuwa ukiliwa. Hata hivyo mjane aliyezuiwa kuokota kuni, akimwona mgeni akishuka kutoka huko huko juu akicheka, moyo wake unasema neno, na neno hilo si la kipumbavu. Vijana waongozao wageni wakumbuke hayo. Wakiwaleta wageni kwa mama yule wamwamkie, wakanunua ndizi zake kwa bei ya haki, wamefanya zaidi ya kibao chenye maandishi.

Wana wa Israeli walipokuwa wakisafiri walituma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba kupita katika nchi yake. Ahadi zao zatufaa sana: hawataingia katika shamba wala katika mizabibu, watashika njia kuu, na maji wakinywa wao au wanyama wao watayalipa. Mfalme akakataa. Nao, hali walikuwa jeshi kubwa, wakageuka wakazunguka. Nawaambia vijana wetu wasome habari hiyo katika kitabu cha Hesabu kabla ya kuchora njia mpya ya kuwapitishia wageni. Kuomba kwanza, kulipa maji, kutoingia shambani, na kukubali kukataliwa: mambo hayo manne si mazito, lakini la nne ndilo limshindalo kijana aliyekwisha kupokea fedha ya mgeni.

Wako ndugu wasemao kwamba tunapoteza muda kupima mchezo usio na maana. Kupanda ili ushuke tu, wasema, ni kazi ya bure, nayo haimpasi Mkristo kuitetea. Siwafuati katika hilo. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili wa ukoo mmoja, Nicholas Crane na Richard Crane, walizifikisha baisikeli zao kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, na katika sehemu nyingi si mtu aliyeipanda baisikeli, bali baisikeli ilimpanda mtu, maana waliibeba mabegani. Wachukuzi wetu wa mlimani wakisikia habari hiyo hucheka sana. Mimi nacheka pamoja nao, lakini sioni dhambi. Safari ile ilikusanya fedha za kuwasaidia maskini, na hata kama isingekusanya, furaha ya mwili mzima katika hewa safi ni kipawa cha Muumba. Nabii Zakaria, alipotaka kuonyesha Yerusalemu ulioponywa, hakuonyesha hekalu peke yake. Alionyesha njia za mji: wazee wameketi humo, kila mmoja na mkongojo wake mkononi kwa ajili ya uzee, na njia zile zile zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Hakusema wazee watakuwa na njia yao na watoto na yao. Mkongojo na mchezo vimo katika njia moja, na huo ndio mji ulio na amani.

Jambo moja wazee hulitaja kuliko vijana, nalo ni salamu. Kwetu mtu hapiti mtu njiani bila kusalimu na kuuliza habari za nyumbani, na apitaye kimya hudhaniwa ana neno moyoni. Mwenye baisikeli hupita kimya kwa sababu ya mbio. Mwinjilisti mmoja, mtu mcheshi, alinikumbusha kwamba Bwana aliwaagiza wale sabini wasimwamkie mtu njiani. Ni kweli, ila wale walikuwa na haraka ya habari njema, nao walikwenda kwa miguu hata nyumbani mwa watu, wakaketi na kula. Tena salamu ina kazi nyingine ambayo wageni hawaijui: huwezi kumsalimu mtu kwa mbio za kilomita 30. Ukikusudia kusalimu sharti upunguze mwendo, na ukipunguza mwendo amri ya tano imekwisha kushikwa nusu yake. Mwenye kuongoza wageni na awafundishe salamu ya mahali kabla ya kuwafundisha kona.

Imebaki habari ya udongo. Hapa inatupasa kusema kweli hata kama haitupendezi. Watu husema magurudumu ndiyo yaharibuyo mapito. Yako yanayoharibiwa hivyo, hasa penye mteremko mkali ambapo mtu hufunga breki ya nyuma akaburuta gurudumu. Lakini uchunguzi uliofanywa Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulilinganisha kwato za farasi, miguu ya watu, baisikeli na pikipiki katika mapito ya mlimani, na kwato ndizo zilizolegeza udongo mwingi kupita vyote. Adui mkubwa wa njia ni maji, na hili wachimbaji wa mifongo hawana haja ya kuambiwa na Mmarekani. Njia ikichimbwa kushuka moja kwa moja na mlima, mvua ya masika huigeuza korongo, awe amepita nani. Wajengao njia za baisikeli kwa ufundi huzipitisha mlima ubavuni, mteremko usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wenyewe, na huinamisha ukingo wa nje kidogo ili maji yavuke njia yasiifuate. Fundi wa mfongo akiona kazi hiyo ataitambua mara moja, kwa maana ni kazi yake iliyogeuzwa: yeye huyabembeleza maji yabaki katika njia, na hawa huyabembeleza yatoke.

Kwa hiyo naona ni haki wale wapitao kwa magurudumu watoke na majembe siku ya kutengeneza njia kama watu wa mfongo watokavyo, wageni kwa fedha na waongozaji kwa mikono. Na mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, mapito ya vihambani yasipitwe kwa baisikeli mpaka udongo ukauke. Katika mtaa mmoja wazee walipokea shauri hilo kwa furaha, nao wakaniletea hesabu ya baisikeli za wageni waliyoifanya kwa juma zima: zilikuwa 11, na karibu na kila moja wameandika kosa lake. Niliwasifu kwa bidii yao. Kisha nikawauliza hesabu ya pikipiki zilizopita katika pito lile lile juma hilo, zikipakia watu watatu watatu, bila salamu, usiku bila taa. Wakacheka kwanza, halafu wakatazamana, kwa maana pikipiki hizo ni za wana wetu tuliowabariki siku ya Kipaimara, na mbili kati yake ni za watu waliokuwa wameketi katika chumba kile. Mwenyekiti akasema kwamba hawakuzihesabu. Wakaomba wapewe juma lingine.